Migongo ya Ijumaa

Jumamosi ya kwanza kazini nilikuta sanamu ya kioo cha mbele cha duka imewekwa mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Sanamu hizi za kuvalishia nguo hutengenezwa kwa vipande. Mkono huchomoka na kurudishwa, na hauingii upande usio wake mpaka mtu aulazimishe. Mtu alikuwa ameulazimisha. Plastiki ya bega ilikuwa na ufa ambao Alhamisi haukuwapo.

Sikupiga kelele. Niliuchomoa, nikaurudisha mahali pake, nikakaza kamba za ile nguo ya kuogelea, nikashuka kiooni. Kisha nikawatazama wenzangu mmoja mmoja. Kila mmoja alipata kitu cha kukunja.

Duka lenyewe linaitwa Zumari. Linauza nguo, vyombo na mapambo ya nyumba. Ofisi kuu iko Nairobi. Huku Pwani wana tawi la Diani, kubwa, na jingine dogo Ukunda, na wanapanga kufungua Msambweni. Mimi ndiye mkuu wa upambaji wa matawi ya Pwani. Maana yake ni kwamba naamua mteja akipita anaona nini kwanza, nini kinamvuta aingie, na akiingia mkono wake unafikia wapi. Watu husema ni kazi ya kupanga nguo. Sawa, wapange wao tuone.

Kabla ya hapo nilipamba duka la vitambaa Ukunda, na nililipamba vizuri mpaka Zumari wakanifuata. Nilipomwambia mwenye duka kwamba naondoka, alinipa mkono, akaniita kwa jina langu, akasema, "Mlango wangu ukitoka umetoka, Mapenzi." Wiki hiyohiyo akamwajiri mpwa wake. Kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi. Zumari walinipa miezi mitatu ya majaribio. Nikithibitishwa, mimi na mwanangu Sanga tunabaki Ukunda na anamaliza shule palepale alipo. Nisipothibitishwa, tunarudi kwa kaka yangu Mackinnon Road, ambako malori yanapita kutwa na hakuna kioo hata kimoja cha kupamba.

Japheth, meneja wa tawi la Diani, ndiye aliyenipokea. Mtu wa bara, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka unadhani linaweza kusimama lenyewe.

"Karibu sana, madam. Hapa sisi ni familia moja. Ukiwa na shida niambie mimi. Usisumbue Nairobi, wana presha zao."

Akanipa ratiba. Kila siku Diani, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa mzigo unashuka Ukunda, na mkuu wa upambaji lazima awepo kuupokea.

"Mzigo hauwezi kushuka siku nyingine?" nilimwuliza.

"Ndiyo utaratibu, madam."

Katika droo ya meza niliyopewa nilikuta sega, pini za nywele na kikombe kilichoandikwa jina Mercy. Nikakipeleka kwa Purity, msaidizi wangu, msichana mrefu asiyecheka ovyo.

"Huyu Mercy ni nani?"

"Aliyekuwa kabla yako."

"Aliondokaje?"

"Aliondoka Ijumaa," Purity alisema, kana kwamba hilo ni jibu. "Hata aliyekuwa kabla yake."

Nililiweka neno hilo moyoni. Niliweka na jingine: Purity alikuwa ameshikilia kazi hii mara mbili, kila mkuu alipoondoka, na mara zote mbili hakupewa. Mtu wa namna hiyo ana sababu ya kuchezea mikono ya sanamu. Nilimwangalia vizuri kuanzia siku ile.

*

Mwezi wa kwanza ulikuwa haujaisha, nikiwa Ukunda nafungua maboksi ya mashuka, simu ikatetemeka. Ilikuwa picha kutoka kwa Bi Rispah, mkurugenzi wetu wa Nairobi, mwanamke anayeandika maneno machache na kila moja linaumiza. Picha ilikuwa ya kioo changu cha Diani. Sanamu zote tatu zimegeuzwa. Zimewapa mgongo barabara na wapita njia, nyuso ndani, kama watoto walioadhibiwa.

Chini yake aliandika: "Duka linalouza migongo? Nikija tena tutazungumza kuhusu majaribio yako."

Nilipanda boda mpaka Diani. Nilipofika, sanamu zilikuwa zinatazama barabara kama kawaida. Bi Rispah alikuwa ameshaondoka. Japheth alinipokea mlangoni na uso wa msiba.

"Pole, madam. Nilipoziona tu nikazirudisha. Lakini bosi alikuwa ameshapiga picha. Nimemwambia nitafuatilia."

"Nani aliyezigeuza?"

"Ndilo swali," alisema, na akatupa jicho upande wa stoo, ambako Purity alikuwa anakunja mataulo. Jicho dogo tu. Lilinitosha.

Nikamfuata stoo, nikafunga mlango.

"Nani aligusa kioo changu?"

"Kioo ni chako, mama. Mimi nakunja taulo."

"Purity, najua uliitaka kazi hii."

"Niliitaka. Bado naitaka." Hakuinua macho. "Lakini mimi nikitaka kukumaliza sitahangaika na sanamu. Nitakaa kimya tu. Ijumaa itakumaliza yenyewe."

"Hicho ni kitisho?"

"Nimeshasema kupita nilivyotakiwa. Na mimi nina mtoto anakula."

Jioni ile niliandika ujumbe kwa Bi Rispah nikiomba Purity ahamishiwe Ukunda, nikaeleza na sababu. Nikausoma, nikauacha bila kuutuma. Si kwa wema. Sikuwa na ushahidi, na mkurugenzi wa aina ile ukimpelekea hisia anakurudishia barua ya kuachishwa.

Nikatafuta ushahidi. Nilichukua uzi mweusi, nikafunga kifundo cha mkono cha kila sanamu na kiuno chake, mwembamba kiasi kwamba anayepita haoni. Mkono ukivutwa, uzi unakatika. Jumatatu uzi mzima. Jumanne mzima. Alhamisi jioni mzima. Jumamosi asubuhi nyuzi zote zimekatika. Wiki iliyofuata vivyo hivyo.

Basi ni Ijumaa, na Ijumaa tu, siku ambayo mimi sipo. Nikaanza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: nani amepanga mimi nisiwepo?

Sanga aliniona mezani nachezea uzi, chakula kinapoa.

"Mama, unawafunga wachawi?"

"Kula."

"Mwalimu wetu akitaka kujua nani anapiga kelele, hujifanya ametoka, halafu anasimama dirishani."

"Nimekwambia kula," nilisema. Lakini nilikuwa nimeshalifikiria hilo kabla yake.

*

Ijumaa niliaga kama kawaida. Japheth mwenyewe alinisimamishia tuktuk. "Salamu kwa wenzetu wa Ukunda," akasema. Tulipokata kona ya kwanza nikamwambia dereva anishushe, nikarudi kwa njia ya nyuma, nikatokea kwa Bi Mwanapili.

Bi Mwanapili ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na Zumari, ubavuni mwa msikiti. Ndiye anayewapunguzia wateja wetu suruali, kwa hiyo tulishazoeana.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, Mama Sanga. Si siku yako hii."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alivuta kigoda kwa mguu, akanionyesha nikae nyuma ya nguo zilizotundikwa. Hakuuliza lolote. Hapo nikajua kwamba anajua.

Khutba ilikuwa inasikika kwenye kipaza sauti. Viatu vimejaa ngazini, pikipiki zimepangwa mpaka karibu na lami. Sikuwahi kuuona msikiti ule umejaa hivyo. Siku nilizokuwapo mimi, adhuhuri huingia watu wachache na kutoka kimyakimya. Nililelewa kanisani, na Ijumaa yangu ilikuwa maboksi ya Ukunda.

Kisha nikaona. Mbwana, mlinzi wetu, akapanda kiooni bila viatu. Akaikumbatia sanamu ya kwanza kiunoni, uso ameugeuza pembeni kwa haya, akaizungusha. Mkono ukachomoka, ukaanguka. Akauokota, akaupachika bila kuutazama. Na nje, kwenye lami, alisimama Japheth na shati lake la kusimama, anamwelekeza kwa mkono kama utingo anayerudisha lori nyuma. Zungusha. Kidogo tena. Hapo hapo.

Purity alikuwa nyuma kabisa ya duka, kwenye kaunta. Hakusogea.

Nilikaa palepale. Sala ikaisha, wanaume wakaanza kutoka.

"Inamisha macho, Mama Sanga," Bi Mwanapili alisema, naye akainamia cherehani yake. "Utawatia aibu wanaume wa watu."

Nikatazama wanachokitazama. Nguo zile za kuogelea, zilizoletwa na mpango wa picha, yaani zile picha za ofisi kuu zinazoonyesha nini kiwekwe wapi, mbele zina kitambaa cha kutosha kiasi chake. Nyuma zina uzi. Sanamu tatu zilikuwa zimewaelekezea waumini makalio matupu. Wazee wakavuka barabara wakitazama vidole vya miguu yao. Mmoja alikaribia kugongana na mti wa umeme.

"Hii ni nini, Bi Mwanapili?"

"Hii ni hisani," alisema. "Duka lenu lilipofunguliwa, wazee wa kamati ya msikiti walimwendea yule meneja. Walikwenda kwa adabu. Wakamwambia, bwana, hatuna ugomvi na biashara yako, ila Ijumaa tukitoka kusali wasichana wako wa plastiki wanatutazama usoni. Akawaambia, haya wazee wangu, Ijumaa hawatawatazama. Na kweli, hawatutazami."

"Lakini nyuma ndiko kubaya zaidi."

"Waniambia mimi? Mimi nikaaye hapa?"

"Kwa nini hawakurudi kumwambia?"

Alisimamisha cherehani. "Warudi wakaseme nini? Mtu umemwomba jambo, amekuitikia, kila Ijumaa anasimama juani kulitimiza. Umwendee umwambie ahsante bwana, lakini makalio yametushinda? Mume wangu yumo kwenye kamati. Siku ile alikuja nyumbani akala kimya, sahani yote. Mwisho akasema, sisi tuliomba uso, hatukuomba mgongo."

Ningecheka kama si kikombe cha Mercy. Kwa sababu sasa yote yalijipanga. Bi Rispah huja Diani siku moja tu, nayo ni Ijumaa. Ndege yake inatua Ukunda mchana, anapita dukani, kisha anakwenda zake Galu kupumzika mpaka Jumapili. Kila akipita, anapita saa ya sala. Kila akipita, anakuta migongo. Na mtu anayejua sababu yuko pembeni yake, ameweka uso wa msiba, anaahidi kufuatilia.

*

Nilisubiri barabara itulie, nikavuka, nikaingia ofisini kwa Japheth bila kubisha.

"Nimekuona."

Hakujifanya hajui. Kwa hilo nampa haki yake. Alifunga mlango, akakaa.

"Madam, ningefanyaje? Nikikataa, nina ugomvi na mtaa mzima. Nikimwambia bosi nimewaahidi watu kioo, ataniuliza kwa ruhusa ya nani."

"Kwa hiyo ukamtoa Mercy."

"Sikumtoa Mercy. Sikusema neno lolote juu ya Mercy."

"Ndivyo ulivyomtoa."

Akanyoosha makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamenyooka. Aliposema tena, upole ulikuwa umepungua.

"Sikiliza. Ukisema Nairobi, nitasema tulikubaliana mimi na wewe. Mimi niko hapa tangu duka lifunguliwe, wewe uko kwenye majaribio. Na mpango wa picha usiuguse. Kubadilisha kioo bila idhini ya ofisi kuu ni kosa la kufukuzwa, limo kwenye mkataba wako. Bosi anakuja Ijumaa ijayo. Omba achelewe."

Nilitoka nikipima njia zangu. Barua pepe zote za tawi hupita kwa Japheth, na namba ya Bi Rispah nilikuwa nayo, lakini sikuwa nimepiga picha, na kwa simu lingekuwa neno langu dhidi ya lake. Nikinyamaza, Ijumaa ijayo naondoka na kikombe changu. Nikibadilisha kioo, huenda nikaondoka vilevile, lakini angalau kioo kitakuwa changu.

Nikaenda stoo.

"Nilikudhania wewe," nilimwambia Purity.

"Najua. Nyote mnaanza na mimi." Aliweka chini shuka alilokuwa analikunja. "Mercy alinishtaki mpaka Nairobi. Ndiyo maana sikuipata kazi."

"Ungeweza kuniambia."

"Ungeniamini?"

Jibu tulilijua wote.

"Alhamisi jioni nabadilisha kioo," nilisema. "Ni kosa la kufukuzwa. Ukitaka, hukuwepo."

"Yale magauni ya madira yako kwenye kontena ya nyuma," akasema. "Rangi ya ndimu ndiyo inayotoka sana."

Duka letu lina vioo viwili. Cha mbele kinatazama barabara na msikiti. Cha ubavuni kinatazama maegesho, ambako magari ya hoteli hushusha watalii wanaotoka Galu. Mtu wa Nairobi aliyepanga picha hakuwahi kusimama hapa. Aliweka bikini mbele ya msikiti, akaweka masinia na birika mbele ya watalii. Sisi tulivibadilisha. Nguo za kuogelea zikaenda ubavuni, na miwani ya jua na taulo. Kioo cha mbele tukatandika mkeka, tukaweka sinia kubwa, sahani, bilauri, birika la kunawia mikono. Sanamu mbili tukazivisha madira na mitandio, ya tatu kikoi na kanzu nyeupe. Zote zikatazama barabara. Nyumba inayosubiri watu watoke kusali waje wale.

Kila kifundo cha mkono nilifunga uzi.

*

Ijumaa sikwenda Ukunda. Japheth alipokiona kioo asubuhi aligeuka rangi.

"Umejimaliza mwenyewe," alisema.

"Basi wewe usijisumbue."

Saa ya sala ilipokaribia, Mbwana alivua viatu kwa mazoea, akasogea kiooni, akasimama. Akaitazama kanzu. Akavaa viatu tena, akamwomba Purity amshikie mlango, akaenda zake msikitini.

Bi Rispah aliingia khutba ikiwa inaendelea, miwani nyeusi, begi la safari mkononi. Hakusalimia mtu.

"Nani aliyebadilisha mpango?"

Japheth alifungua mdomo. Nilimtangulia.

"Mimi. Bila idhini. Na ile migongo uliyoipiga picha iligeuzwa kwa amri ya Japheth. Amewaahidi wazee wa msikiti kwamba Ijumaa sanamu hazitawatazama, na hakukwambia. Wewe unakuja Ijumaa tu."

"Si hivyo, bosi," Japheth alisema. "Tulikubaliana na madam."

"Mercy naye mlikubaliana?" nilimwuliza. "Na yule kabla yake?"

Bi Rispah alivua miwani. Alimtazama Japheth, akanitazama mimi kwa jicho lilelile. Kisha akamgeukia Purity.

"Wewe. Unajua nini?"

Purity alikuwa na sababu zote za kuniacha nizame. Kazi ilikuwa pale, wazi, kwa mara ya tatu. Nilimwona akiipima.

"Migongo ilikuwepo kabla ya Mapenzi," alisema. "Na kabla ya Mercy."

Bi Rispah akaweka begi chini, akatoka nje. Alivuka barabara na viatu vyake virefu, akasimama karibu na kibanda cha Bi Mwanapili, mikono kifuani. Sala ikaisha. Wanaume wakatoka, macho chini kama walivyojizoesha. Mmoja akainua uso, kisha mwingine. Wakasimama, wakaonyeshana sinia. Mzee mmoja mwembamba alikaribia kioo, akalichungulia birika, akaingia kuuliza bei. Alipotoka nalo chini ya kwapa, alimpa Japheth mkono wa shukrani, maana alidhani ni kazi yake. Japheth akaupokea.

Bi Rispah alirudi.

"Unathibitishwa," aliniambia. "Barua Jumatatu. Msambweni nataka unipangie wewe, usisubiri picha zetu." Akamgeukia Japheth. "Wewe tuingie ofisini."

"Na Mercy?" niliuliza.

Alishika kitasa cha mlango, akanitazama kama nimemwuliza habari za mtu asiyemjua.

"Mercy ni mambo ya nyuma," alisema, akaingia.

Purity alinipa mkono, akaniambia hongera, tena kwa moyo. Nami nilifurahi, sidanganyi. Nilimpigia Sanga simu palepale nikamwambia tunabaki. Lakini lile neno halikunitoka. Mtu aliondolewa kwa kosa ambalo si lake, ukweli umejulikana, na hakuna aliyepunguza mwendo hata hatua moja. Walimsahau Mercy kwa urahisi huo. Na mimi meza yangu ndiyo ileile.

Kikombe chake nilikiosha, nikakifunga kwa gazeti, nikamwuliza Purity kama anajua Mercy anakaa wapi. Kisha nikapanda kiooni kukagua. Sanamu zilikuwa salama, mikono mahali pake, uzi mzima wote.

Sikuukata. Mpaka leo naufunga.